Bata mzinga wa sikukuu: yupi wa kununua, yupi wa kupita, na namna ya kumpika asikauke

Sikukuu zikikaribia swali ninaloulizwa sana ni moja tu, bata mzinga anapikwaje asikauke, na kila mara namuuliza mtu kwanza umenunua yupi na umemnunua lini. Maana nimewapika hawa ndege miaka mingi sasa, wa kila aina, na nilichoona ni kwamba karibu kila bata mzinga aliyeharibika mezani alianza kuharibika dukani. Alikuwa mkubwa kuliko oveni, au alinunuliwa juzi akiwa bado jiwe la barafu, au alishatiwa chumvi kiwandani na mpishi hakusoma lebo akaongeza ya kwake. Kupika kwenyewe sio kugumu kiasi hicho. Kwa hiyo nawapangia hapa kuanzia yule ambaye ningembeba mimi mwenyewe mpaka yule ningempita, halafu ndo tuingie jikoni.

Ukubwa kwanza, aina baadaye

Hesabu ninayotumia ni nusu kilo ya ndege mbichi kwa kila mtu mzima, na ukitaka ibaki ya kesho piga robo tatu ya kilo. Watu 8 basi ni kilo 4 mpaka 6. Ukimwangalia dukani utaona kama ni nyama nyingi mno, lakini kumbuka mifupa inakula uzito na nyama yenyewe inasinyaa ikiiva.

Kinachowaponza watu ni hofu ya chakula kupungua, mtu anaogopa wageni wasije wakasema, basi anabeba ndege wa kilo 9 au 10 kwa watu ambao wangetosheka na nusu yake. Sasa ndege mkubwa hivyo kidari chake ni kinene sana, joto linachukua muda mrefu kufika katikati, na muda wote huo nyama ya nje imeshaiva zamani iko pale inaendelea kukauka tu. Hata mpishi mzuri anahangaika naye. Kama kweli watu ni wengi nunua wawili wa kilo 5 badala ya mmoja wa kilo 10, wanayeyuka haraka zaidi, wanaiva kwa muda mfupi zaidi, na unapata mapaja manne badala ya mawili.

Na kabla hujatoka nyumbani pima oveni yako. Sio kwa macho, chukua rula, pima kimo kutoka kwenye waya wa chini mpaka juu, maana ndege yuko ndani ya trei na trei nayo ina kimo chake, na ngozi ikigusana na moto wa juu inaungua ndani ya dakika chache. Angalia na friji pia. Huyu mgeni atakaa humo siku tatu au nne, sasa kama hamna nafasi bora ujue leo kuliko siku unarudi naye mkononi.

Kuhusu jike na dume, lebo zingine zinaandika na watu wanabishana sana, lakini ukweli ni kwamba majike huwa ndo wale wadogo, mara nyingi chini ya kilo 7, na madume ndo wale wakubwa. Ladha haitofautiani kiasi cha kukufanya uhangaike. Chagua uzito.

Namba 1: aliyegandishwa, asiyeongezwa kitu, kilo 4.5 mpaka 6

Najua wengi walidhani nitaanza na yule wa friji, yule fresh. Hapana. Ndege wa kiwandani anagandishwa haraka baada ya kuchinjwa na kufungashwa, kwa hiyo unapomyeyusha nyumbani unampata karibu kama alivyokuwa siku ile, wakati yule asiyegandishwa huwezi kujua amekaa siku ngapi njiani na ngapi kwenye kaunta. Ukimweka kwenye friza inayofanya kazi vizuri anabaki na ubora wake hata mwaka, kwa hiyo unaweza kumnunua wiki tatu kabla, wakati duka limejaa na unachagua uzito unaoutaka, sio siku ya mwisho watu wanagombania waliobaki. Kwa kawaida bei yake kwa kilo ndo ya chini pia. Na kubwa kuliko yote, chumvi unaiweka wewe.

Namna ya kumjua asiyeongezwa kitu ni kugeuza mfuko na kusoma ile sehemu ya viungo, maandishi madogo. Inatakiwa iseme bata mzinga basi, ikome hapo. Ukikuta maji, chumvi, sukari, fosfeti, mchuzi wa kuongezea ladha, na asilimia fulani ya maji ya chumvi, huyo ni namba 4 hapo chini.

Ukimshika angalia mfuko usiwe umetoboka. Ukiona barafu nyekundu imegandia kwenye kona ya chini ya mfuko mrudishe, hiyo ni dalili kwamba aliyeyuka akatoa maji kisha akagandishwa tena. Mabaka meupe makavu kwenye ngozi ni ya kuungua na baridi, hayana sumu lakini hapo nyama itakuwa kama kamba. Na usichukue wale waliorundikwa juu kabisa kupita mstari wa friza, baridi haiwafikii sawasawa, zamisha mkono utoe wa chini.

Namba 2: kidari chenye mfupa na mapaja, vya kununua mbalimbali

Hii kwa kweli nilitaka kuiweka namba moja, na kama nyumbani mko watu wanne mpaka sita basi kwako iwe namba moja. Tatizo kubwa la bata mzinga mzima ni kwamba ni nyama mbili tofauti kwenye mwili mmoja. Kidari hakina mafuta, kikipitiliza kidogo kimekauka. Paja lina mishipa na kano, linataka joto zaidi na muda zaidi mpaka zile kano zilainike, ukilitoa mapema unatafuna mpira. Ukivinunua mbalimbali unaviweka kwenye trei mbili, kila kimoja unakitoa muda wake kimefika, na vyote vinakuwa vizuri. Kidari chenye mfupa cha kilo 2 mpaka 2.5 kwenye oveni ya nyuzi 165 za sentigredi kinachukua kama saa moja na nusu mpaka mbili na kidogo. Nunua chenye mfupa na ngozi tafadhali, kile kilichotolewa ngozi hakina cha kukikinga.

Unachokosa ni ile picha ya ndege mzima kuletwa mezani. Kwa watu wengine hiyo ndo sikukuu yenyewe na siwalaumu.

Namba 3: asiyegandishwa

Ni mzuri, simkatai, hasa kama huna friza au umekumbuka mambo umechelewa, kwa sababu hana habari ya kuyeyushwa. Ila bei iko juu na unabanwa na tarehe: mnunue siku moja au mbili kabla ya kupika, sio zaidi. Na neno lenyewe lisikuchanganye. Marekani kwa mfano, sheria inaruhusu ndege kuitwa fresh mradi hajashushwa chini ya nyuzi kama 3 chini ya sifuri, kwa hiyo unaweza kumkuta mgumu kwa nje, ana vipande vya barafu tumboni, na muuzaji hajakudanganya.

Namba 4: aliyedungwa maji ya chumvi kiwandani

Huyu ndo amejaa madukani na wengi wananunua bila kujua. Anachomwa sindano ya maji yenye chumvi na ladha ili nyama ibaki na unyevu. Nimtendee haki, kwa mtu anayepika kwa mara ya kwanza ana faida yake, hata ukimsahau dakika ishirini hakauki sana. Lakini yale maji umeyalipia kwa kilo, nyama inakuwa na ladha ileile ya kila mahali, na mchuzi unaotoka kwenye trei unakuwa na chumvi kali.

Mwaka mmoja nilinunua huyu nikiwa na haraka, lebo sikuisoma, nikampaka chumvi yangu kama kawaida na kumlaza usiku kucha. Nyama ya juu ililika kwa shida na mchuzi wote ulimwagwa, na watu walikuwa wamesafiri kuja kula. Kwa hiyo ukiwa naye huyu, chumvi hapana kabisa, mpake siagi na viungo visivyo na chumvi tu. Hivyohivyo kwa ndege wa kosher, wale wanaoandaliwa kwa taratibu za Kiyahudi, nao huwa wameshatiwa chumvi.

Namba 5 na kushuka chini

Aliyekwishaiva au kuvutishwa moshi anafaa kama oveni yako ina kazi nyingine siku hiyo. Kazi yako ni kumpasha tu, umfunike kwa foili na kimiminika kidogo kwenye trei, ila kumpasha ndiko kunakomkausha kwa hiyo mimi humla wa moshi akiwa baridi, amekatwa vipande vyembamba. Ile nyama isiyo na mfupa iliyoviringishwa na kufungwa nyavu soma lebo vizuri, zingine ni vipande vipande vimegandamizwa pamoja. Na yule anayeuzwa ameganda huku ameshajazwa vitu tumboni, huyo ningempita, maana huruhusiwi kumyeyusha, anaingia kwenye oveni vilevile na barafu yake kwa kufuata maelekezo ya mfuko, na huwezi kufanya lolote kuhusu ladha.

Maneno mengine ya kwenye lebo: lile la kusema hajapewa homoni lisikulipishe zaidi, Marekani homoni zimekatazwa kwa kuku na bata mzinga wote, kwa hiyo hata yule wa bei ya chini pembeni yake hajapewa. Kufugwa huria maana yake alikuwa na njia ya kutoka nje, haisemi alitoka mara ngapi. Na kwa anayetaka halali, tafuta muhuri wenyewe kwenye mfuko, usikisie.

Sasa jikoni

Kuyeyusha ndo kazi ya kwanza na ndo inayowashinda watu wengi. Ndani ya friji hesabu masaa 24 kwa kila kilo 2, au zaidi kidogo ya kilo 2. Wa kilo 5 au 6 mpe siku tatu nzima, na akishayeyuka anaweza kukaa siku moja au mbili zaidi bila shida, kwa hiyo ni heri kuwahi. Mweke kwenye trei yenye ukingo rafu ya chini kabisa ili majimaji yake yasidondokee chakula kingine. Usimwache juu ya meza usiku kucha eti atayeyuka mwenyewe, nje anapata joto la kuzalisha bakteria huku ndani bado ni barafu.

Ukichelewa kuna njia ya maji baridi: akiwa ndani ya mfuko usiovuja umzamishe kwenye maji baridi na ubadilishe maji kila nusu saa, kama saa moja kwa kila kilo, na ukimaliza mpike hapohapo. Na hata ukimkuta bado ameganda asubuhi ya sikukuu hujaharibikiwa, anaweza kuingia kwenye oveni hivyohivyo, itachukua muda zaidi kwa kama nusu ya ule wa kawaida.

Kumjua kama ameyeyuka kweli usiguse ngozi ya nje, hiyo inalainika mapema na inadanganya. Ingiza mkono wote tumboni mpaka karibu na shingo. Vidole vikikutana na vipande vya barafu vinavyokwaruza kwenye mbavu, bado. Humo ndani pia kuna kifuko chenye firigisi, moyo na maini, na shingo inakuwa imechomekwa peke yake, wakati mwingine kifuko kimewekwa upande wa pili chini ya ngozi ya shingo, kwa hiyo tafuta pande zote mbili. Nimeshaona kifuko cha plastiki kikitolewa mezani mbele ya wageni. Shingo na firigisi usitupe, chemsha taratibu ndo msingi wa mchuzi wako.

Kumwosha hapana. Najua wengi tumelelewa kuosha nyama, lakini maji ya bomba hayaui salmonela, yanaitawanya tu kwenye sinki, kwenye vyombo vilivyooshwa, kwenye mboga zilizo pembeni. Kinachoua ni moto. Mkaushe na tishu za jikoni vizuri, ndani na nje, kisha nawa mikono kwa sabuni.

Chumvi: kijiko kimoja cha chai cha chumvi laini kwa kila kilo, mpake kila mahali na nyingine uipitishe chini ya ngozi ya kidari kwa vidole, taratibu isichanike. Mrudishe friji bila kumfunika siku moja au mbili. Mwanzoni chumvi inavuta maji nje, utaona ngozi imelowa, baadaye yale maji yanarudi ndani na chumvi yake na ngozi inabaki kavu kama karatasi. Hiyo ngozi kavu ndo inayokuja kuwa ya kuvunjika mdomoni. Watu wanaomloweka kwenye ndoo ya maji ya chumvi wanapata unyevu ndio, ila ngozi inalegea, na ndoo yenyewe unaiweka wapi.

Kuoka kuna njia mbili. Ya kawaida ni mzima mzima, oveni nyuzi 165, usishuke chini ya hapo, ndege wa kilo 4 mpaka 5.5 asiyejazwa kitu tumboni kama saa 2 na dakika 45 mpaka 3. Kidari kikianza kuwa cheusi kabla ya wakati kifunike na foili. Njia ya pili ndo ninayoipenda mimi, unachukua mkasi imara wa jikoni unakata pembeni ya uti wa mgongo pande zote mbili unautoa, kisha unamgeuza na kumkandamiza kifuani kwa viganja viwili kwa nguvu mpaka usikie mfupa unalia kak, hapo analala bapa kama kitabu kilichofunguliwa. Sasa mapaja yako juu yanapata moto sawa na kidari, ngozi yote imetazama juu, na kwa nyuzi 220 ndege wa kilo 5 anaiva kwa dakika 80 mpaka 90. Haendi mezani mzima, lakini nyama ni tamu mno na ule uti wa mgongo unaenda kwenye sufuria ya mchuzi.

Vya kujaza tumboni pika kwenye chombo chake. Ukijaza ndani, na vyenyewe lazima vifike nyuzi 74, na vikifika hapo kidari kimeshapita zamani.

Kama utanunua kitu kimoja zaidi ya ndege, nunua themometa ya nyama. Masaa ni makadirio tu, oveni zinatofautiana na ndege wanatofautiana. Anza kupima dakika 40 kabla ya muda unaotegemea. Ingiza kwa pembeni kwenye sehemu nene ya kidari bila kugusa mfupa, halafu pale paja linapokutana na mwili, halafu mzizi wa bawa. Unataka nyuzi 74 pote patatu. Unaona 61, unafunga mlango, unarudi unakuta 67, hapo usiende mbali tena maana zile za mwisho zinapanda haraka. Kile kitufe cha plastiki wanachochomeka kiwandani kinachoruka juu akiiva usikitegemee, vingi vinaruka joto likiwa limeshapita sana 74, na hapo ndipo kidari kinapokuwa unga. Rangi ya majimaji pia sio kipimo, yanaweza kuwa meupe nyama haijafika.

Akitoka mwache apumzike dakika 20 mpaka 30 kabla ya kumkata. Usimfunge na foili kwa kubana, ngozi italowa. Ukimkata akiwa wa moto kabisa majimaji yote yanabaki kwenye ubao. Kidari kitoe kizima kutoka kwenye mfupa kwanza, ndo ukikate vipande kwa kukatisha nyuzi za nyama, sio kuzifuata.

Baada ya kula usimwache mezani mpaka usiku. Ndani ya masaa mawili toa nyama kwenye mifupa, ipange kwenye vyombo visivyo na kina ili ipoe haraka, friji siku 3 au 4, nyingine friza. Mifupa iweke kwenye sufuria kubwa na kitunguu na ile shingo, maji yaifunike tu, moto mdogo masaa matatu, chuja, ikipoa usiku kwenye friji utaikuta asubuhi imeganda inatikisika kama jeli.